Kipaza Sauti ni Kipi? Istilahi za Kurekodi na Kuchanganya Sauti

Neno "kipaza sauti" limetumika kwa muda mrefu kutaja vyombo viwili vilivyo kinyume: kile kinachopokea sauti ya msemaji na kile kinachoitoa kwa wasikilizaji. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halina madhara. Katika maelezo ya ufundi lina madhara.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Mzenga, wilayani Kisarawe, anayetaka kurekodi mdundiko wa Wazaramo kwa kompyuta, huku hadhira ikiwasikia waimbaji uwanjani. Akisoma "fungua kipaza sauti, kisha punguza kipaza sauti", afungue kipi na apunguze kipi? Akikosea, sauti inayotoka itaingia tena ilikotoka, izunguke na kuwa mlio mkali. Rekodi itaharibika, na huenda mzee aliyeimba asikubali kurudia.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Maikrofoni: chombo kinachogeuza sauti kuwa umeme.

Spika: chombo kinachogeuza umeme kuwa sauti.

Kipitisha sauti: kisanduku kilicho kati ya maikrofoni na kompyuta. Hukuza umeme dhaifu wa maikrofoni na kuugeuza kuwa tarakimu, aghalabu vipimo 44,100 au 48,000 kwa sekunde; pia hugeuza tarakimu za kompyuta kuwa umeme wa kwenda kwenye spika au hedifoni. Hatukuchagua "kiolesura", lililozoeleka katika kompyuta, kwa kuwa umbo lake humwelekeza msomaji kwenye sura, na hapa hakuna cha kutazamwa.

Kichanganya sauti: chombo cha kuunganisha sauti kadhaa, kila moja kwa kiwango chake.

Ucheleweo: muda kati ya sauti kuingia na kusikika. Akiba ya vipimo 256, kwa kasi ya 48,000, huchelewesha sauti kwa milisekunde 5 hivi. Ikizidi mno, mwimbaji mwenye hedifoni hupotewa na mapigo.

Sasa maelezo yasomeke hivi: "Punguza viwango vyote. Unganisha maikrofoni na kipitisha sauti, na kipitisha sauti na kompyuta. Ikiwa maikrofoni ni ya kondensa, washa umeme wake wa volti 48. Mwimbaji akiimba kwa nguvu, pandisha kiwango cha maikrofoni bila kufikia kilele. Weka spika mbele ya maikrofoni, zielekee hadhira, kisha uzipandishe polepole."

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali wazijaribu istilahi hizi kazini na kutuletea maoni yao.