Kalite ya mpunga haianzie depo



Mara mingi tunasikia: "Kalite ni kazi ya mtu wa depo, yeye ndiye anapima." Kazi yake ni ya maana, lakini anapofungua mfuko, mambo mengi yamekwisha kuharibika. Anaweza kukataa mfuko. Hawezi kuponya punje iliyokwisha kupasuka.

Tufuate mfuko mmoja kutoka shamba la Sange mpaka soko la Uvira ao Bukavu. Mwenye kuvuna akichelewa, punje zinakaukia juu ya shina, zinapasuka, na kwenye mashine ya kukoboa zinatoka vipande. Inafaa kuvuna wakati punje nane juu ya kumi zimekuwa za manjano. Mwenye kuanika pembeni ya barabara namba 5 anakusanya mpunga pamoja na mawe. Bashi moja tu ingemsaidia. Mwingine anaanika bila kugeuza: juu pamekauka, chini kungali maji. Kisha mtu anachanganya mbegu mbili ndani ya mfuko mmoja, na mashine haizikoboi vizuri sababu punje hazilingane. Mnunuzi anafungua mifuko miwili mitatu, anakuta mawe, anashusha bei ya gari lote. Hapo mama aliyeanika vizuri analipwa sawa na yule aliyeleta mawe. Mwaka unaofuata anauzia mchele wake pembeni, na mimi siwezi kumlaumu.

Wajapani walipita njia hii katika viwanda vyao. Mwaka 1950 Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wakubwa wa viwanda kwamba kukagua mwishoni hakuleti kalite, lazima kila hatua ifanyike vizuri. Kaoru Ishikawa naye alifundisha kwamba hatua inayofuata ndiyo mteja wako. Kwetu, mteja wa mwenye kuvuna ni mwenye kuanika, na mteja wa huyu ni mtu wa mashine. Kila mmoja ana haki ya kurudisha kazi mbaya, hata ikiwa mpunga ni wa prezida wa koperative.

Kwa kuanza, kila kikundi kitafute chupa ya kioo iliyo kavu na chumvi kavu kabisa. Tia chumvi kidogo na mpunga, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mpunga ungali na maji kupita 15 kwa mia: urudi kwenye bashi. Wa kuingia depo uwe karibu 14. Chupa hiyo ikae kwa wenye kuanika. Na juu ya kila mfuko muandike kikundi na mbegu, ili lawama ikifika ijue mlango, na bei nzuri vilevile.