Sababu za Watu Wazima Kujiandikisha katika Mafunzo ya Mahusiano ya Kimamlaka: Mtazamo kutoka Mbezi Luis, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini watu wazima wanaoishi pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam hujiandikisha katika mafunzo yanayohusu mahusiano ya kimamlaka katika jamii. Maelezo yaliyozoeleka hutaja cheti, ajira na posho. Makala inakubali kuwa sababu hizo zipo, lakini inadai kwamba hazitoshi. Kwa kurejelea mazingira ya Mbezi Luis, inajenga hoja kuwa msukumo mkuu ni dai: jambo mahususi ambalo mtu ameamuliwa na wengine, na ambalo hakuwa na maneno wala njia ya kulihoji. Makala inahitimisha kwa kuonesha namna hoja hiyo inavyopaswa kubadili upimaji wa mafanikio ya mafunzo hayo.

1.0 Utangulizi

Katika vyuo na asasi za Tanzania ni nadra kukuta kozi inayoitwa waziwazi mafunzo ya mamlaka. Somo hili hufundishwa kwa majina mengine: jinsia na maendeleo, haki za binadamu, uongozi, maendeleo ya jamii, au usaidizi wa kisheria. Hata hivyo, swali moja hupita ndani ya kozi zote hizo: nani huamua, kwa idhini ya nani, na nani hubeba matokeo ya uamuzi huo?

Elimu inayobeba swali hilo si ngeni nchini. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 kuwaandaa viongozi wa taifa lililokuwa likielekea uhuru. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwanafalsafa wa elimu kutoka Brazil, Paulo Freire, alitembelea Tanzania mwaka 1971, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Miongo miwili baadaye, mwaka 1993, ulianzishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), ambao semina zake za jinsia na maendeleo hufanyika katika viwanja vyake vya Mabibo, Dar es Salaam, bila ada na kwa yeyote anayetaka kuhudhuria.

Kuna tofauti ya msingi kati ya vipindi hivyo viwili. Wakati wa kampeni za miaka ya 1970, dola ndiyo iliyomwita mwanafunzi. Leo mwanafunzi huenda mwenyewe. Hulipa nauli ya daladala, huacha biashara yake kwa saa kadhaa, na pengine hulazimika kueleza nyumbani alikokwenda. Uamuzi wenye gharama kama huo unahitaji maelezo.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia tatu zinafaa kuongoza maelezo hayo. Ya kwanza ni ya Cyril Houle ambaye, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1961 nchini Marekani, aliwagawa watu wazima wanaojifunza katika makundi matatu: wanaofuata lengo mahususi, wanaofuata ushirika na shughuli yenyewe, na wanaopenda maarifa kwa ajili ya maarifa. Ya pili ni ya Jack Mezirow ambaye, kuanzia mwaka 1978, alieleza kuwa mtu mzima hubadilika kifikra pale anapokumbwa na tukio linalovuruga namna aliyozoea kuuelewa ulimwengu wake.

Ya tatu ni ya Steven Lukes. Katika kitabu chake cha mwaka 1974, Lukes alibainisha sura tatu za mamlaka. Sura ya kwanza ni uamuzi unaoonekana: fulani ameshinda, fulani ameshindwa. Sura ya pili ni uwezo wa kuzuia jambo lisifike mezani kabisa. Sura ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni uwezo wa kumfanya aliyeonewa aone hali yake kuwa ya kawaida.

Kiswahili kina hazina ya maneno inayosaidia kufafanua sura hizo. Nguvu ni ya mwili au ya kulazimisha. Uwezo ni wa kutenda. Madaraka hufungamana na cheo. Mamlaka ni haki inayotambuliwa ya kuamua. Anayesema “mwenye nguvu mpishe” anazungumzia sura ya kwanza. Anayesema “mnyonge hana haki” na kuishia hapo amekwisha kuingia katika sura ya tatu, kwa kuwa ameufanya unyonge kuwa maumbile. Methali nyingine inampinga: “mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.” Jamii yenye methali zote mbili imebeba ndani ya lugha yake mjadala ambao mafunzo haya hukusudia kuuweka wazi.

3.0 Mbezi Luis kama Mahali pa Kujifunzia Mamlaka

Mbezi Luis iko kandokando ya Barabara ya Morogoro, katika Manispaa ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni. Katika muda usiozidi miaka mitano, eneo hilo lilipitia matukio mawili yaliyoigusa riziki na makazi ya watu wake.

La kwanza ni ubomoaji wa mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya, uliotangulia upanuzi wa barabara hiyo kuelekea Kibaha. Mamia ya nyumba zilibomolewa kwa maelezo kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yenye upana wa mita 121.5 kila upande, na kwamba wakaliaji wake hawakustahili fidia. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi. La pili ni kuhamishwa kwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, ambako Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilizinduliwa Februari 2021. Uhamisho huo ulileta wateja na kazi Mbezi, lakini ulimwacha kila aliyeegemea kituo cha zamani na swali la mahali pa kuanzia upya.

Makala hii haikusudii kuamua nani alikuwa na haki katika matukio hayo. Yametajwa kwa sababu yanaonesha sura za mamlaka kwa uwazi kuliko kitabu. Mstari wa mita 121.5 ulikuwapo kwenye karatasi kabla nyumba nyingi hazijajengwa. Aliyeujua mstari huo na asiyeujua waliishi mtaa mmoja, lakini hawakuwa na uwezo sawa. Pengo la maarifa liligeuka kuwa pengo la makazi. Hapo ndipo tukio la kuvuruga alilolieleza Mezirow linapochukua umbo la kipekee: halimpati mtu mmoja katika upweke wake, bali huwapata majirani wote kwa siku moja, likiwa na tangazo, namba na muhuri.

4.0 Sababu za Kujiandikisha

4.1 Cheti, Ajira na Sharti

Sababu ya kwanza ni ile ya lengo mahususi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama na vyuo vya maendeleo ya jamii hutoa sifa zinazotambulika katika soko la ajira. Sheria nazo huzalisha wanafunzi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilimtambua msaidizi wa kisheria na kumwekea masharti ya mafunzo na usajili. Aidha, marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 2018 yaliilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka mkopo huo hakina budi kujifunza uongozi, katiba na utunzaji wa kumbukumbu.

4.2 Ushirika na Posho

Sababu ya pili ni ushirika. Semina ni mahali pa kukutana na watu, kupata taarifa na kutambulika mtaani. Posho na nauli, pale zinapotolewa, zina nafasi yake pia. Wapo wanaodhani kuwa aliyefuata posho hakufuata elimu. Dhana hiyo ina kasoro. Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, posho ndiyo inayofidia mauzo aliyoyaacha. Bila hiyo, hata mwenye kiu kubwa ya kujifunza hawezi kufika. Posho hueleza namna mtu alivyoweza kuhudhuria kuliko inavyoeleza kwa nini alichagua somo hilo.

4.3 Dai

Sababu zilizotangulia zingeweza kumpeleka mtu katika kozi yoyote: kompyuta, ushonaji, au ufugaji wa kuku. Hazielezi kwa nini achague somo la mamlaka. Hapa ndipo dhana ya dai inapohitajika. Chukulia mjane ambaye shemeji zake wanamtaka aondoke kwenye kiwanja cha marehemu. Au mpangaji wa kibanda aliyeambiwa kwa mdomo kuwa eneo limepewa mtu mwingine. Au mkazi anayehudhuria mkutano wa mtaa na kukuta ajenda imekwisha kuandaliwa. Kila mmoja wao ana jambo mkononi. Mwenye kufuata cheti huuliza atapata nini mwisho wa kozi. Mwenye dai huuliza atasema nini kesho ofisini.

Mafunzo humpa mwenye dai mambo matatu. La kwanza ni jina la jambo lake. Kile alichokiita bahati mbaya hugundua kuwa ni uamuzi, na kila uamuzi una mwamuzi. La pili ni hatua: ofisi ipi inahusika, kwa maandishi gani, na ndani ya muda gani. La tatu ni mashahidi, yaani watu wengine waliokutwa na jambo kama lake, ambao uwepo wao huondoa hisia kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

Shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka 1990, linaonesha thamani ya jambo la kwanza. Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mtu wa ukoo wake akapinga mauzo hayo kwa hoja kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kuwa kanuni hiyo ya kimila ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Kilichodhaniwa kuwa desturi isiyogusika kilioneshwa kuwa kanuni inayoweza kuhojiwa na kubatilishwa. Kwa msamiati wa Lukes, sura ya tatu ya mamlaka ilivuliwa kificho chake.

5.0 Wasiojiandikisha

Hoja ya dai huibua tatizo ambalo haipaswi kulikwepa. Ikiwa dai ndilo msukumo, wenye madai mazito wangetarajiwa kuwa wa kwanza kujiandikisha. Kwa kawaida hali haiwezi kuwa hivyo. Mama lishe wa kituo cha mabasi huamka kabla ya alfajiri na hulala baada ya basi la mwisho. Semina ya mchana inaangukia katikati ya saa zake za mauzo. Mke anayehitaji ruhusa ya mume ili kutoka, huhitaji ruhusa hiyohiyo ili kwenda kujifunza kwamba ruhusa hiyo inaweza kuhojiwa. Anayeamini kuwa mnyonge hana haki haoni kuwa ana dai lolote, na kwa hiyo hana sababu ya kwenda.

Hii ina maana kwamba nafasi ya kujifunza kuhusu mamlaka nayo hugawanywa na mamlaka. Muda, nauli, ruhusa na imani kwamba jambo linaweza kubadilika ni rasilimali ambazo hazikugawanywa sawasawa. Kozi inayongoja wanafunzi waje yenyewe huwapata walionyimwa kidogo, na huwakosa walionyimwa zaidi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kuwa watu wazima hujiandikisha katika mafunzo ya mahusiano ya kimamlaka kwa sababu za cheti, ushirika na dai, na kwamba dai ndilo linaloeleza uchaguzi wa somo lenyewe. Maelezo haya yana matokeo matatu kiutendaji. Kwanza, fomu ya kujiandikisha iwe na swali la wazi kuhusu jambo lililomleta mwanafunzi, badala ya kuishia kwenye umri, jinsi na kiwango cha elimu. Pili, mafanikio yasipimwe kwa idadi ya waliohudhuria au vyeti vilivyotolewa pekee, bali pia kwa kufuatilia kama mwenye dai aliweza kulifikisha mahali panapohusika, hata kama hakushinda. Tatu, mafunzo yapelekwe katika saa na mahali ambapo wenye madai mazito wapo, ikiwemo masoko na vituo vya mabasi.

Kwa watafiti, swali linalostahili kufuatwa si tena kwa nini waliojiandikisha walijiandikisha. Ni kwa nini jirani zao, waliobomolewa siku ileile na kwa mstari uleule, walibaki nyumbani.