Leicester, mji ambao muhogo unaitwa mogo

Ukimwambia ndugu aliyeko Muscat au Minneapolis kwamba unakaa Leicester, atakuuliza habari za mpira. Ni haki yake, timu ya hapa ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 na mji bado unatamba nao. Lakini kama una watoto na Jumamosi moja ya kutembea, mimi nakwambia njoo kula. Kutoka kituo cha St Pancras, London, treni inachukua saa moja na dakika chache tu.

Anzia Belgrave Road, barabara ambayo wenyeji wanaiita Golden Mile. Maduka ya dhahabu, sari, ladu na jalebi yamebanana pande zote mbili. Ingia mgahawa wowote wa Kigujarati, fungua menyu, utafute neno "mogo". Ni muhogo. Muhogo wetu huohuo, umekaangwa, umenyunyiziwa pilipili na chumvi, unakamuliwa ndimu. Aliyewahi kula mihogo ya Coco Beach hahitaji maelezo. Pembeni wataweka kachumbari, na hapo deni linageuka: kachumbari na chapati ni maneno tuliyoyachukua kwao, wao wakachukua muhogo.

Neno hilo lilifikaje katikati ya Uingereza? Lilikuja na watu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kiasi cha watu 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilipoona wengi wanaulizia mji huu, ambao tayari ulikuwa na Waasia kutoka Kenya, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, kwamba nyumba na shule zimejaa. Maelfu walikuja hivyohivyo. Walipokelewa na viwanda vya soksi na nguo za kufuma, si kwa ukarimu bali kwa sababu mikono ilihitajika. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia katika kiwanda cha taipureta cha Imperial waligoma kwa kupunjwa malipo ya bonasi. Na walioweza kukusanya akiba wakafungua maduka. Mgahawa wa Bobby's uliopo Belgrave Road ulifunguliwa mwaka 1976 na bado unapika.

Sasa niseme jambo ambalo makala za chakula hazilisemi. Mimi ni nesi, na wodini nakutana na wazee wa Kihindi wanaosikia lafudhi yangu na kugeuza lugha hapohapo. Bibi mmoja, aliyekuwa hataki kula kitu siku mbili, aliniuliza, "Wewe toka wapi?" Nikamjibu, "Mwanza, mama." Akafurahi kama ameletewa barua. Kisha akasema, "Lete maji. Pesi pesi." Nilileta, ila nilisimama kidogo na kikombe mkononi. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha: lete, ondoa, fagia, fanya hivi. Alikijifunza jikoni na dukani, kwa watu waliokuwa wakimtumikia. Hakuwa na "tafadhali", si kwa sababu hana adabu. Hakuna aliyemfundisha, na katika nyumba ile haikuhitajika.

Nilimfundisha "tafadhali". Alilitumia jioni hiyo hiyo, mara nne, akicheka.

Ndiyo maana sipendi wanaouelezea mji huu kama vile sisi na wao tulikuwa ndugu wakapotezana. Nyumbani kulikuwa na mwenye duka na mbeba gunia. Tanzania nayo ilitaifisha majumba mwaka 1971, na Waasia wengi walifungasha. Kila upande una hadithi yake na machungu yake, na hapa Leicester wote tumekuwa wageni wanaosubiri basi kwenye baridi ileile. Hata sasa mji si pepo. Mwaka 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipambana mitaani, na tuliokuwa zamu ya usiku tuliambiwa tusitembee peke yetu.

Lakini mtoto wangu wa miaka minane, ambaye nikimsemesha Kiswahili mbele ya wenzake anajibu Kiingereza kwa sauti ya chini, alisoma "mogo" kwenye menyu na kuuliza kwa nini wamekosea herufi. Mhudumu, mzee aliyezaliwa Jinja, akamwambia kwa Kiswahili kwamba nyumbani kwao hata leo wanasema sufuria, kisu na fagio, wanadhani ni Kigujarati. Mtoto aliniangalia. Tangu hapo tunarudi kila ninapopata Jumamosi isiyo na zamu, na oda anatoa yeye.

Mambo ya kujua kabla hujaja. Migahawa mingi ya Belgrave Road haipiki nyama kabisa, mingine hata yai. Agiza thali, sahani pana yenye vibakuli vya dengu, mboga na maziwa mgando, inashibisha mtu mzima na mtoto. Kama nesi nikuombe jalebi zisizidi mbili.

Ukitaka nyama halali, nenda Evington Road. Kwa Wasomali utapata wali wa mbuzi na ndizi mbivu pembeni, na usishangae mwenye mgahawa akikuamkia kwa Kiswahili, wapo waliopitia Nairobi au Mombasa. Narborough Road, upande wa magharibi, ina wenye maduka waliozaliwa katika nchi zaidi ya 20. Hiyo iwekee siku yake.

Msimu mzuri ni kuanzia Navratri, mausiku tisa ya kucheza kwa duara, hadi Diwali, Oktoba au Novemba. Taa za Belgrave Road huwashwa kama wiki mbili kabla ya Diwali yenyewe, na usiku huo umati ni mkubwa mno kwa gari la mtoto. Angalia tovuti ya Halmashauri kwanza, maana mipango hubadilishwa kwa usalama. Mimi na watoto huenda katikati ya wiki, siku isiyo na sherehe, taa zikiwa zinawaka na meza ziko wazi.