Baiskeli Ikufae, Magoti Yapone

Katika nyumba nyingi baiskeli ni moja na waendeshaji ni wengi: baba huenda nayo shambani, mama sokoni, mtoto shuleni. Wote hukalia kiti kwa urefu ule ule. Maumivu mengi huanzia hapo.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi, likauma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku na mgongo huchoka.

Kipimo ni rahisi. Shika ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Kiti nacho kilale sawa. Ncha yake ikiinuka, hubana mishipa ya fahamu ya kinena na kuleta ganzi.

Baiskeli zetu nyingi hazina springi ila zile za chini ya kiti. Hivyo upepo wa matairi hupunguza mtikisiko. Kwenye njia ya mawe punguza upepo kidogo. Ukibeba mzigo ongeza, ringi isije ikagonga mawe. Penye mashimo simama juu ya pedali, umelegeza magoti na viwiko: miguu yako ni springi bora.

Spana moja na dakika chache zatosha. Ganzi au maumivu yakiendelea, usinyamaze, nenda zahanati.