Darubini ya Bunduki Nzito: Jinsi ya Kuizuia Isiteleze

Katika sehemu nyingi za Kenya zinazopakana na mbuga na misitu, kama vile Laikipia, Narok na Taita-Taveta, mkulima hulala jicho moja likiwa wazi wakati mahindi yanapokomaa. Ndovu na mbogo huvunja ua usiku, na kazi ya miezi mingi huharibika kabla ya jogoo kuwika. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, na tangu hapo bunduki nzito za kuulia wanyama wakubwa zimebaki hasa mikononi mwa askari wa wanyamapori, ambao huitwa mnyama anapohatarisha maisha ya watu. Katika nchi jirani ya Tanzania wawindaji wenye leseni nao bado huzitumia.

Kwa wote hao jambo moja ni la lazima: risasi iende pale pale jicho lilipolenga. Mbogo aliyekufa papo hapo amemaliza matata yake. Mbogo aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani ndiye mwanzo wa matata, na huenda atakayekutana naye asubuhi si mwenye bunduki, bali ni mama anayekwenda kuteka maji au mtoto anayekwenda shule. Inafaa basi kujua kwamba risasi iliyopotea haikupotezwa na mkono wala na jicho kila mara. Mara nyingine imepotezwa na skrubu ndogo isiyozidi unene wa msumari.

TEKE LA BUNDUKI

Darubini ya bunduki ni bomba la chuma chepesi lenye vioo ndani yake, na katikati ya vioo hivyo mna mistari miwili iliyopishana kama msalaba. Bomba hilo hushikwa na pete mbili, na pete hizo hufungwa juu ya msingi wa chuma uliotiwa skrubu katika mwili wa bunduki. Hapana kitu kingine kinachoishika. Pete au msingi ukisogea, msalaba huonyesha mahali pamoja na mtutu huonyesha mahali pengine.

Watu wengi hudhani kwamba bunduki inapolia darubini hutupwa mbele. Ukweli ni kinyume cha hayo. Kila mtu aliyepanda lori akiwa amesimama nyuma anajua yanayotokea dereva anapoondoa gari kwa ghafula: miguu huenda na gari, lakini mwili hubaki ulipokuwa, na asiyeshika chuma huanguka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa darubini. Risasi inaposukumwa mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma kwa nguvu iyo hiyo. Bunduki hurudi nyuma, nayo darubini, kwa uzito wake, hutaka kubaki mahali ilipokuwa. Pete ndizo zinazoilazimisha ifuate. Zikishindwa, bunduki hukimbia chini ya darubini, na mtazamaji huona kana kwamba darubini imetambaa mbele.

Nguvu hiyo si ya kudharauliwa. Risasi ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 huhesabiwa na wengi kuwa ndogo kuliko zote zinazofaa kwa mnyama mkubwa mkali. Ile ya .458 iliyotolewa na Winchester wa Marekani mwaka 1956 hupiga teke kali zaidi. Uzito wa risasi yake ni gramu 32 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Bunduki ya kilo 4 na nusu hupata mwendo wa kurudi nyuma wa mita 5 hivi kwa sekunde, na hupata karibu mwendo wote huo katika muda usiofika sehemu 2 za elfu za sekunde moja.

Darubini ikiwa na uzito wa nusu kilo, basi kwa kukadiria, katika kitambo hicho pete huvutwa kwa nguvu kama ya kilo 150. Huo ni mzigo unaokaribia magunia mawili ya mahindi, uliotundikwa kwenye pete mbili nyembamba, na hurudiwa kila bunduki inapolia. Ndiyo sababu darubini iliyokaa miaka mingi bila kusogea juu ya bunduki ndogo huweza kusogea siku ya kwanza juu ya bunduki nzito. Na ndiyo sababu darubini nyepesi hufaa zaidi kwa bunduki ya namna hii, kwa kuwa ukipunguza uzito wake nusu, umepunguza na mzigo wa pete nusu.

MADHARA YA UNENE WA KARATASI

Mtu aweza kuuliza, je, darubini ikisogea kidogo tu, kuna hasara gani? Jibu lapatikana kwa hesabu rahisi. Tuseme pete mbili ziko mbali sentimita 13, na pete moja imehama kando kwa sehemu ya kumi ya milimita, ambao ni unene wa karatasi ya kuandikia. Jicho haliwezi kuona badiliko hilo. Lakini kwa umbali wa mita 100 risasi itakuwa imekosea kwa sentimita 7 au 8, na kwa mita 200 kwa sentimita 15. Kwa mnyama mkubwa tofauti hiyo yaweza kuwa kati ya moyo na tumbo.

Tena kuna hatari ya mwenye bunduki mwenyewe. Darubini ya bunduki nzito hupaswa kukaa mbali na jicho kwa sentimita 9 au 10. Ikitambaa mbele, picha hupungua, na mpigaji hunyosha shingo kuifuata bila kufikiri. Teke likija, ukingo wa darubini humpasua nyusi.

KUKAZA KWA NGUVU SI DAWA

Mtu aonapo darubini imeteleza, jambo la kwanza afanyalo ni kuchukua bisibisi na kukaza mpaka mkono uume. Hilo ni kosa. Bomba la darubini ni jembamba. Likibanwa kupita kiasi hubonyea, na vioo vya ndani, ambavyo hupaswa kusogezwa kwa vifundo vya kurekebishia shabaha, hukwama. Nyuzi za skrubu nazo hukwaruzika, na skrubu iliyokwaruzika haishiki tena.

Darubini hushikwa na msuguano wa chuma juu ya chuma. Msuguano huo hutaka mambo matatu: pande mbili ziwe safi na kavu, zigusane mahali pote, na zibanwe sawasawa. Mkulima aliyewahi kutia mpini katika jembe anayajua hayo. Mpini uliochongwa ukaenea tunduni hushika kwa kugongwa mara chache, lakini mpini uliogusa upande mmoja tu hulegea hata ukipigiliwa kabari kumi.

KAZI YENYEWE

Kabla ya jambo lolote bunduki itolewe risasi, chumba cha risasi kitazamwe, na risasi ziwekwe mbali na meza ya kazi. Mtu asiye na vyombo vinavyofaa apeleke bunduki yake kwa fundi mwenye kibali.

Kwanza, vitu vyote vifunguliwe, na msingi, pete, skrubu na matundu yake visafishwe kwa spiriti mpaka mafuta yaishe kabisa. Mafuta ni rafiki wa mtutu, lakini ndani ya pete ni adui. Skrubu za msingi huwa na unene wa milimita 3.5 katika bunduki nyingi. Kwa bunduki nzito mafundi hupendelea zenye milimita 4.2. Hata hivyo skrubu hazikuumbwa kubeba teke peke yake. Msingi mzuri una kidato au ukingo unaoegemea mwili wa bunduki, na ukingo huo ndio ubebao mzigo. Tone moja la gundi ya skrubu, ile inayoweza kufunguliwa kwa chombo, litiwe katika skrubu za msingi.

Pili, pete ziwekwe juu ya msingi. Misingi mingi ya siku hizi hukatwa mifereji kwa kipimo kimoja, kilichowekwa na jeshi la Marekani mwaka 1995, ambapo mifereji hufuatana kila milimita 10. Chini ya pete pana chuma kinachoingia katika mfereji. Kabla ya kukaza, pete isukumwe mbele mpaka chuma hicho kiguse ukuta wa mbele wa mfereji. Isipofanywa hivyo hubaki nafasi ndogo, na teke la kwanza litaisogeza pete mbele ijaze nafasi hiyo lenyewe.

Tatu, nusu za chini za pete zitazamwe kama zimelingana. Zisipolingana bomba litapindwa. Fundi hulisahihisha jambo hili kwa kuzisugua pete kwa fimbo ya chuma iliyonyooka, iliyopakwa unga wa kukwaruzia, mpaka zing'ae kwa usawa. Wengine hunyunyiza ndani ya pete unga kidogo wa utomvu mkavu wa msonobari, ule upakwao na wapiga fidla kwenye nyuzi za upinde, nao huongeza msuguano.

Nne, nusu za juu zifungwe. Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kama nati za gurudumu la gari, ili nafasi iliyobaki kati ya nusu mbili iwe sawa kulia na kushoto. Skrubu nyingi za pete hutaka nguvu ya nyutoni-mita 2 hivi, na maagizo ya kiwanda ndiyo ya kufuatwa. Kwa mfano ulio wazi, ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 2 kwenye ncha ya mpini wa sentimita 10. Hakika si nyingi. Yafaa kutumia spana yenye kipimo, kwa maana mkono hudanganya.

ALAMA YA USHAHIDI

Kazi ikiisha, fundi mwenye busara huchukua rangi ya kucha na kuchora mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba, na mwingine juu ya kila skrubu. Rangi hii haishiki kitu, lakini ni shahidi. Mstari ukikatika, kitu kimesogea. Mikwaruzo mipya juu ya bomba, mbele ya pete, nayo ni dalili ya kuteleza.

Ndipo bunduki ipelekwe uwanjani ikapigwe kwenye karatasi, kwanza risasi 3, na tena baada ya risasi 20 hivi. Mistari ikiwa mizima na risasi zingali zinatawanyika, kosa si la pete. Skrubu zinazofunga bunduki kwenye ubao wake zitazamwe, kisha vioo vya ndani ya darubini, maana teke huweza kuvilegeza hivyo pia. Baada ya safari ndefu ya gari katika barabara yenye mashimo, alama zitazamwe tena kabla ya kwenda kazini.

Hata hivyo mwenye bunduki nzito asiweke tumaini lake lote katika kioo. Alama za chuma zilizo juu ya mtutu zisiondolewe, na pete zinazofunguka upesi bila chombo zafaa sana, ili darubini ikiharibika iweze kutolewa mara moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya kusafisha, kukaza kwa kipimo na kuchora alama si kazi kubwa ikilinganishwa na kumfuata mbogo aliyejeruhiwa katika kichaka kizito, huku kijiji kizima kikisubiri habari.