Kupamba

Kupamba ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuongeza kitu kwenye mwili, nguo, nyumba au chombo ili kipendeze zaidi. Kutoka kitenzi hicho yametokea majina pambo (wingi: mapambo) na upambaji, pamoja na mpambe. Mpambe kwanza ni mtu anayemremba bibi harusi na kukaa naye. Siku hizi ofisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais wa Tanzania huitwa pia mpambe, na wakati wa uchaguzi kila mgombea ana wapambe wake, ingawa hapo neno lina kejeli kidogo.

Wengi hudhani kitenzi hiki kimetokana na pamba, yaani zao la nyuzi. Sivyo. Jina la zao limetoka katika Kiajemi panbe, linalotamkwa karibu na "pambe", likafika pwani kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kitenzi kina umbo la Kibantu: kinaishia kwa -a, tofauti na vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu kama kusamehe, kufikiri na kujibu, na jina pambo limeundwa kwa -o kama pigo kutoka kupiga.

Hata hivyo mambo hayo mawili yaliwahi kukutana, na mfano mzuri ni Ufipa, nyanda za juu za Sumbawanga katika Mkoa wa Rukwa. Nyanda zenyewe zina baridi, hivyo pamba ilistawi zaidi kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa. Wafumaji walisokota nyuzi kwa mkono na kufuma vitambaa vizito kwenye mitambo iliyolazwa karibu na ardhi. Wasafiri wa Ulaya waliopita huko katika karne ya 19 waliandika habari zake. Baadaye nguo za viwandani, kama merikani iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani, ziliwashinda wafumaji kwa wepesi na bei, na ufundi huo ukafifia.

Katika lugha ya mitaani ya Tanzania, pamba ni nguo za kupendeza, na "kupiga pamba" ni kuvaa vizuri. Hapo ni vigumu kusema ni neno lipi kati ya hayo mawili linalosikika.

Kupamba hutofautiana na kutia nakshi (kutoka Kiarabu naqsh), ambako urembo huchongwa au kuchorwa kwenye kitu chenyewe, kama milango ya Zanzibar na Lamu. Pambo huweza kuvuliwa, nakshi haivuliki.