Vitafunwa vya Mlangoni mwa Hekalu

Keelung ni mji wa bandari kaskazini mwa Taiwan. Huko vibanda vya chakula vimesongamana mbele ya Hekalu la Dianji hata anayekwenda kusali lazima apite katikati ya masufuria. Taa za manjano zimening'inia juu ya barabara, kila kibanda kina namba yake, na moshi wa udi unaotoka hekaluni unakutana njiani na mvuke wa supu ya samaki. Mgeni anaweza kudhani biashara imevamia mahali patakatifu, lakini wenyeji hawaoni hivyo hata kidogo. Hekalu ndilo lililowaita watu, watu wakaja na njaa, na wenye karai na mkaa wakaifuata njaa hiyo. Soko la usiku la Shilin, jijini Taipei, lilikua vivyo hivyo mbele ya Hekalu la Cixian. Lile la Raohe linaanzia hatua chache kutoka Hekalu la Ciyou, ambalo tangu karne ya 18 watu huenda kumwomba Mazu, mlinzi wa mabaharia na wavuvi.

Tulikwenda Taiwan likizo tukiwa vizazi vitatu: mama yangu, mimi na mume wangu, na watoto. Tulikuwa tumepanga makumbusho, milima na safari za treni, na yote yalitupendeza. Hata hivyo, nikiulizwa ni wapi nilipopata kuwafahamu kidogo Wataiwan, nitataja masoko ya usiku, na si kwa sababu ya utamu peke yake. Kilichonifungua macho ni udogo wa chakula chenyewe. Kila kitu kimepimwa makusudi kisikushibishe: kibakuli cha tambi unachokimaliza kwa mafunda machache, mshikaki mmoja, kipande cha mkate kinachoenea kiganjani. Anayekula peke yake atalazimika kuchagua. Wanaokuja familia nzima hawana haja ya kuchagua, na ndiyo maana soko zima limejaa familia.

Kaa pembeni uangalie wanavyofanya. Baba amepanga foleni kwenye mikate ya pilipili manga. Shangazi yuko kwa muuza chaza. Kijana ametumwa vinywaji, na bibi ameketishwa kwenye kigoda cha plastiki alinde meza. Kila mmoja anarudi na alichopata, vyote vinawekwa katikati, na vijiti vinaanza kudokoa. Bibi anawekewa kwanza. Hakuna anayesema hiki changu. Kisha wanainuka, wanatembea kidogo, wanaanza tena mbele. Kwetu pwani watu hulizunguka sinia moja. Kule familia moja huyazungukia masinia ya mtaa mzima. Saa mbili zinapita hivyo, watu wanazungumza, wanabishana kibanda gani ni bora, watoto wanabebwa mabegani wakisinzia.

Kimanda cha chaza ndicho ningemwambia mtu aanze nacho. Mpishi anatupa chaza wadogo kwenye chuma bapa chenye mafuta, anawamwagia uji mwepesi wa wanga wa viazi vitamu, anapasua yai juu yake, kisha anafunika kwa majani mabichi. Wanga ule unageuka kama kioo, unanata katikati na kukauka pembeni, na mwisho unamwagiwa rojo jekundu, tamu na kali kidogo. Ladha ya bahari inabaki ndani. Aliyezoea kimanda kikavu atashangaa mara ya kwanza. Mimi sikutaka kingine.

Tofu inayonuka ni habari nyingine. Harufu yake inakufikia kabla ya kibanda, kwa sababu vipande vya tofu vimelowekwa katika maji ya chumvi yaliyochachushwa kwa muda mrefu. Ikishakaangwa inakuwa ngumu nje na laini kama sponji ndani, inatobolewa ili inywe mchuzi wa kitunguu saumu, na pembeni inawekwa achari ya kabichi. Kinywani ule ukali wa puani haupo kabisa. Watoto wangu walikimbia. Mama yangu, ambaye amekula ng'onda maisha yake yote, alikula kwa utulivu na akaomba aongezewe kabichi.

Watoto walichokipenda ni aiskrimu ya karanga. Muuzaji ana tofali kubwa la karanga lililogandishwa kwa sukari, na analikwangua kwa randa ya fundi seremala mpaka unga wa karanga ujae juu ya chapati nyembamba mno. Anaweka madonge ya aiskrimu, mara nyingi ya majimbi na ya nanasi, anatupia majani ya giligilani, kisha anakunja. Giligilani kwenye aiskrimu! Ukisikia unaona haiwezekani. Ukila unaona bila hayo majani ingepwaya.

Hayo majimbi yananipeleka kwenye jambo lililonigusa zaidi. Sehemu kubwa ya vitafunwa vya kisiwa kile inatokana na mizizi ileile tunayoichimba mashambani kwetu. Viazi vitamu vinapondwa, vinachanganywa na wanga, vinaviringwa na kutumbukizwa kwenye mafuta. Mpishi anavibonyeza na kuviachia tena na tena kwa upawa mpaka vinavimba na kuwa vitupu ndani. Huko Jiufen, kijiji cha zamani cha wachimba dhahabu kilichoegemea mlima juu ya bahari, madonge ya majimbi huliwa kwenye maji ya moto ya sukari na tangawizi, au juu ya barafu iliyosagwa. Kiazi kitamu si chakula tu kule. Umbo la kisiwa linafanana nacho, na Wataiwan wengi hujiita watoto wa kiazi kitamu. Chini ya utawala wa Japani, kuanzia 1895 hadi 1945, mchele mwingi ulipakiwa melini kupelekwa huko, na familia nyingi za wakulima zilijaza chungu kwa viazi. Leo mjukuu ananunua kama starehe kile ambacho babu yake alikila kwa kukosa wali.

Na muhogo upo, tena ndio uliosafiri mbali kuliko vyote. Zile punje nyeusi zilizo chini ya gilasi ya chai ya maziwa, ambayo sasa inanywewa hata katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, ni wanga wa muhogo uliokandwa, ukaviringwa, ukachemshwa na kulowekwa kwenye shira ya sukari guru. Zamani ziliwekwa juu ya barafu tu. Miaka ya 1980 zikaingia kwenye chai, na nani alizitia kwanza hakuna jibu. Nyumba ya chai ya Chun Shui Tang ya Taichung inasema ni yenyewe, na Hanlin ya Tainan nayo inasema hivyo hivyo. Walipelekana mahakamani kwa takriban miaka kumi, na mwaka 2019 mahakama ikaona hakuna haja ya kuamua, kwa kuwa kinywaji hicho hakikuwa na hataza na yeyote anaweza kukitengeneza. Mama yangu alipoambiwa kuwa zile punje ni muhogo, alizitafuna upya, polepole, kisha akatikisa kichwa kukubali. Chai yake aliagiza bila barafu na sukari nusu, maana kila mnunuzi huulizwa kiwango cha vyote viwili, na hata mtoto wa shule anajua chake.

Kutafuna kwenyewe ni sehemu ya raha. Mpishi wa Taiwan husifiwa kwa chakula kinachorudi kidogo chini ya jino, kiwe tambi, samaki aliyepondwa na kuviringwa, au punje za muhogo. Anayetaka kila kitu kilainike mdomoni atapitwa na nusu ya mambo.

Kwa familia ya Kiislamu kama yetu, kuna la kuangalia, na ni vizuri kulisema wazi: nguruwe yuko kila mahali. Yumo katika mikate ya pilipili manga ya Raohe, inayobandikwa ukutani mwa tanuri la mkaa, na wakati mwingine mafuta yake yamo hata kwenye kitu kinachoonekana ni mboga. Tulisaidiwa na mambo mawili. Kwanza, Wabudha wengi hawali nyama, wengine kila siku na wengine tarehe 1 na 15 za mwezi wa kalenda yao, hivyo vibanda vya mboga tupu havikosekani na vina alama yake. Pili, Taipei ina Msikiti Mkuu kwenye Barabara ya Xinsheng Kusini, uliojengwa mwaka 1960, na Ijumaa baada ya swala wachuuzi hupanga vyakula halali nje yake, wanunuzi wengi wakiwa Waindonesia wanaofanya kazi au kusoma kule. Jijini pia kuna migahawa ya Waislamu inayouza tambi za nyama ya ng'ombe. Chakula hicho, ambacho sasa ni fahari ya taifa, kilishamiri baada ya wakimbizi na wanajeshi kutoka China bara kuingia kisiwani mwaka 1949, wakati ngano ya msaada wa Marekani ilipokuwa tele. Kabla ya hapo wakulima wengi walijizuia kumla ng'ombe aliyewalimia mpunga, na wapo wazee wanaojizuia mpaka leo.

Kusini, mjini Tainan, kuna tambi zinazohusishwa na mvuvi aliyeanza kuziuza mwaka 1895 mbele ya Hekalu la Shuixian, wakati wa miezi ya tufani ambapo kwenda baharini ni kutafuta kifo. Alizibeba begani kwa mti wenye mizigo miwili. Kibakuli chake bado ni kidogo, na bado kinapambwa kwa kamba mmoja juu.

Usitafute pipa la taka barabarani. Mapipa ni machache mno. Kijiti cha mshikaki hurudishwa kwa aliyekiuza, na taka za nyumbani hupelekwa na wenyewe hadi kwenye gari linalopita jioni likipiga muziki, mara nyingi Für Elise ya Beethoven.

Vitafunwa hivi haviliwi na walio hai tu. Mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, inaaminika mizimu isiyo na wa kuitunza hutoka na kutangatanga, basi maduka na ofisi hutoa meza nje na kuzijaza biskuti, tambi za pakiti, matunda na soda, kila kimoja kikichomekwa kijiti cha udi. Pembeni huwekwa beseni la maji na taulo, wageni wapate kunawa kabla ya kula. Udi ukiisha, chakula hugawanywa kwa wafanyakazi na watoto.

Hata mashine zina fungu lao. Kuna vitafunwa vya mahindi viitwavyo Kuai Kuai, vinavyouzwa tangu mwaka 1968, na jina hilo ndilo mzazi humwambia mtoto atulie na awe mtiifu. Mafundi wa kompyuta, hospitali na viwanda huweka pakiti moja juu ya mtambo ili usisumbue. Lazima iwe ya kijani, ile yenye ladha ya nazi, kwa sababu kijani ni taa ya mtambo unaofanya kazi. Ya manjano na nyekundu haziwekwi. Na haitakiwi kupitwa na tarehe: ikikaribia kuisha muda wake, fundi huiondoa na kununua mpya.